Mambo Msiige

Watu wa pwani yetu hawapendi kitu kikae bila jina. Jahazi hutiwa jina kabla halijashushwa majini. Kanga hutiwa jina, na mara nyingi jina ndilo linaloiuza, kwani mnunuzi husoma maneno kwanza kisha ndipo akatazama rangi. Nyumba nazo, zile kubwa, hutiwa majina, na mwenye busara akilisoma jina la nyumba huweza kumjua aliyeijenga hata kama hakupata kumwona.

Katika Mji Mkongwe wa Unguja, mtaa wa Shangani, pembezoni mwa bahari, ipo nyumba iitwayo Mambo Msiige. Jina hilo ni sentensi nzima. Ningekuwa bado darasani ningewaambia wanafunzi walichambue: "msiige" ni kitenzi "kuiga" katika hali ya kukataza, nafsi ya pili, wingi. Mwenye nyumba anawaambia majirani zake wote kwa pamoja: mambo haya msiyaige, hamtayaweza. Ni majivuno yaliyopakwa chokaa na kuachwa yatazame bahari.

Mimi nimefanya kazi ya ualimu miaka 38, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo nilikuwa mkuu wa shule. Neno "kuiga" lilikuwa mkate wangu wa kila siku. Katika chumba cha mtihani tulilikataza. Katika chuo cha ualimu, ambako nilimaliza mwaka 1972, tulilihimiza, kwani mwalimu kijana hujifunza kusimama mbele ya watoto kwa kumwiga mwalimu mzee. Ndiyo maana tangu nilipolisikia jina la nyumba ile limekuwa likinifuata. Nyumba inayosema "msiige" inamtaka mtu aulize: tusiige nini, na je, hakuna hata kimoja cha kuigwa?

Tangu mwaka 2015 nyumba hiyo ni sehemu ya hoteli ya Park Hyatt. Pale ambapo zamani watu walipanda ngazi kwenda kumwona tajiri, kisha padri, kisha balozi, kisha daktari, kisha karani wa Serikali, leo wanapanda kwenda kula chakula cha jioni. Nimekula hapo mara moja, nami nitaeleza. Lakini kabla ya kufika kwenye sahani zangu, hebu msomaji tuzihesabu meza zilizotangulia, maana nyumba ni kama chungu: huwezi kujua ladha ya kilichomo leo bila kujua kilichopikwa jana.

Meza ya kwanza haikuwa meza. Nyumba ilijengwa kati ya mwaka 1847 na 1850 na tajiri Mwarabu aliyeitwa Salim bin Harith. Hiyo ilikuwa enzi ya Seyyid Said, aliyeuhamishia Unguja utawala wake kutoka Oman, na miji yote ya pwani ilikuwa ikiutazama mji huo. Mikarafuu, ambayo asili yake ni visiwa vya Maluku huko Indonesia, ilikuwa imefika Unguja mwanzoni mwa karne ile kupitia visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, na kwa miaka michache tu mashamba yalikuwa yameenea. Pembe za ndovu zilishuka kutoka bara. Na pamoja na pembe walishuka watu. Wataalamu wa historia wanakadiria kwamba katika miaka ya 1860 watumwa kati ya 15,000 na 20,000 walikuwa wakipitishwa Unguja kila mwaka, wengine wakibaki kulima karafuu na wengine wakivushwa kwenda kaskazini.

Katika nyumba za matajiri wa wakati ule chakula kililetwa katika sinia, kikatandikwa juu ya mkeka au zulia, wageni wakanawa mikono kwa maji ya kumiminiwa, wakala kwa mkono wa kulia, sinia moja watu kadhaa. Wanaume mbali, wanawake mbali. Kuna uzuri katika ulaji ule: hakuna mtu aliyekuwa na sahani yake ya kuficha, na mwenyeji mwema alimsogezea mgeni kipande kilichonona. Lakini aliyemimina maji hakukaa kwenye sinia, na aliyepika hakuulizwa jina.

Wala hakuulizwa jina yule aliyeijenga. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mawe hukatwa, hubebwa kichwani au kwa mashua, kisha mengine hupangwa juu ya rundo la magogo na kuchomwa mpaka yawe chokaa. Chokaa hiyo hutiwa maji na kuachwa muda mrefu ikomae ndipo itumike. Kuta hufanywa nene sana, nusu mita na zaidi. Sakafu za ghorofa hubebwa na boriti za mikoko, nazo mikoko haiwi mirefu kama mtu apendavyo. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizi ni virefu lakini vyembamba, upana wake kiasi cha mita tatu hivi. Tajiri aweza kuwa na fedha za kununua dunia, lakini upana wa chumba chake umeamriwa na mti wa mkoko. Somo hilo nimelipenda siku zote.

Mjini husimuliwa kwamba chokaa ya Mambo Msiige ilichanganywa na mayai, maelfu kwa maelfu, ili ishike sawasawa, na kwamba huo ndio ufujaji ambao majirani waliambiwa wasiuige. Husimuliwa pia habari nyingine, ambayo husemwa kwa sauti ya chini: kwamba watumwa walizikwa hai ndani ya kuta wakati wa ujenzi. Hadithi hizi mbili zimekaa pamoja katika vinywa vya watu kwa miaka mingi, ya mayai ikichekesha na ya watu ikitisha. Mimi sihitaji kuamini kwamba mtu alizikwa ukutani ndipo nijue kwamba ukuta ule una watu ndani yake. Kila jiwe lilibebwa na bega. Hadithi ya kutisha huenda ni njia ya wanyonge ya kuandika majina yao mahali ambapo hapakuwa na kalamu.

Meza ya pili ilikuwa ya shule, na hapa ndipo habari inaponigusa mimi mwenyewe. Mwaka 1864 waliwasili Unguja wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, wakiongozwa na Askofu Tozer pamoja na Dk. Edward Steere, na nyumba hii ikawa makao yao makuu kwa muda wa miaka kama kumi. Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa na kukabidhiwa kwa Askofu na Sultan Majid. Watano tu! Mwalimu yeyote aliyewahi kufungua shule mpya porini, chini ya mwembe, akiwa na watoto wachache wasiojua hata lugha moja ya pamoja, atafahamu uzito wa idadi hiyo. Watoto wale walikuwa wametoka makabila mbalimbali, wamepoteza mama na baba, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili cha Unguja.

Steere alikaa chini akajifunza lugha hiyo. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha kufundishia Kiswahili, na mwaka huohuo akatoa mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Miaka mingi baadaye, mwaka 1928, wajumbe waliokutana Mombasa walipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, kazi ile ilikuwa imekwisha kuandaa njia. Kwa hiyo, ndugu msomaji, lugha hii ninayoiandika hapa ina deni kwa wasimulizi wasiotajwa na kwa watoto waliookolewa majini, na sehemu ya deni hilo ilikopwa chini ya paa la Mambo Msiige.

Mimi ni mtu wa Masasi. Baba yake bibi yangu, kwa masimulizi ya bibi mwenyewe, alikuwa mmoja wa watoto waliotolewa jahazini na manuwari ya Waingereza akapelekwa misheni Unguja. Alisomeshwa, na mwaka 1876 alikuwamo katika msafara wa Askofu Steere, watu zaidi ya hamsini walioachwa huru, waliovuka bahari hadi Lindi, wakapanda kwa miguu kuelekea Ziwa Nyasa, lakini wakafika Masasi wakaona nchi ni njema wakabaki. Ndivyo ulivyoanza mji wetu wa misheni. Bibi alipokuwa akinisimulia alikuwa na neno moja alilolirudia: "Baba alikuwa akisema, kule Unguja tulikula mara mbili kwa siku." Nilikuwa mtoto, sikuelewa kwa nini jambo dogo kama hilo lisemwe kwa heshima kiasi kile. Sasa naelewa. Mtoto aliyelala njaa ndani ya jahazi, sahani ya pili ya siku ndiyo iliyomwambia kwamba yeye ni mtu tena.

Meza ya tatu ilikuwa na kitambaa cheupe, visu na uma. Misheni ilipohama katikati ya miaka ya 1870, nyumba ikawa ubalozi wa Uingereza. John Kirk, yuleyule aliyemshinikiza Sultan Barghash mpaka akatia saini mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 wa kufunga soko la watumwa, alifanyia kazi zake hapa. Mwaka 1890 Uingereza iliiweka Zanzibar chini ya himaya yake. Mwezi Agosti 1896, Khalid bin Barghash alipokikalia kiti cha usultani bila idhini ya Waingereza, Basil Cave aliyekuwa akishika nafasi ya balozi alikataa kumtambua, na tarehe 27 manuwari zikalipiga jumba la kifalme kwa muda wa kama dakika 40. Watu hupenda kuisimulia vita hiyo kama kichekesho kwa kuwa ilikuwa fupi. Waliouawa walikuwa mamia, na kwao haikuwa fupi wala ndefu, ilikuwa mwisho.

Kisha ikaja amri ya mwaka 1897 ya kuondoa hali ya utumwa kisheria. Huwa nawaambia vijana waisome amri hiyo kwa makini, maana inafundisha namna historia inavyofanya hesabu zake. Mtumwa hakuambiwa tu "nenda". Ilimbidi afike mwenyewe kuomba uhuru wake. Masuria hawakuhesabiwa, walingoja hadi mwaka 1909. Na fidia ilipotolewa, ilitolewa kwa bwana aliyempoteza mtumwa. Aliyepoteza ujana wake wote shambani hakuandikiwa kitu. Ikiwa kila karamu ina mwenye kulipa, basi hapa hesabu ililetwa kwenye meza isiyohusika.

Mwaka 1913 Zanzibar ilihamishwa kutoka Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza kwenda Wizara ya Makoloni, mkazi mkuu wa Kiingereza akashika nafasi ya balozi, na ubalozi katika nyumba hii ukamalizika. Toka mwaka 1918 hadi 1924 ilikuwa hospitali ya Wazungu. Kisha zikafuata ofisi za Serikali, na ofisi zikaendelea hata baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964. Ya hospitali sina mengi ya kusema. Ya ofisi nitasema hili: miaka hiyo ya mafaili na mihuri ndiyo hasa iliyowaingiza wananchi wa kawaida ndani ya Mambo Msiige kwa mlango wa mbele. Mtu alikuja na shida yake, akakaa kwenye benchi, akasubiri, akalalamika, akarudi kesho. Karani naye alikunywa chai yake na maandazi saa nne asubuhi. Haikuwa karamu, lakini kila mtu alikuwa na haki ya kupanda ngazi.

Lakini nyumba zilikuwa zikichoka. Chokaa inataka kupakwa upya mara kwa mara. Boriti zinataka kukaguliwa. Maji ya mvua yanataka njia ya kutokea. Mafundi wa chokaa walikuwa wamezeeka, na penye ufa palizibwa kwa saruji, ambayo ni tiba yenye sumu, kwani ukuta wa chokaa hupumua na saruji huuziba pumzi, unyevu ukabaki ndani ukala jiwe. Serikali ya Zanzibar iliunda Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe mwaka 1985, na mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji katika orodha ya Urithi wa Dunia. Heshima ilipatikana, fedha za kutosha kila nyumba hazikupatikana.

Ndipo likaja wazo la kuzifanya nyumba kubwa kuwa hoteli na mikahawa. Mambo Msiige ilikarabatiwa na kuunganishwa na jengo jingine jipya kando yake, jumla ya vyumba 67. Ubishi ulikuwa mkali. Kamati ya Urithi wa Dunia ilionyesha wasiwasi wake juu ya kimo cha jengo jipya na juu ya uwanja wa pwani uliokuwa wazi kwa watu. Kulikuwa na waliosema mji unauzwa, na kulikuwa na waliosema mji unaokolewa. Nimewasikia wa pande zote mbili wakizungumza barazani, na ukweli ni kwamba kila upande ulikuwa na hoja za kusikilizwa.

Asiyeamini kwamba kuna la kuokolewa akumbuke tarehe 25 Desemba 2020. Siku hiyo sehemu ya Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, lililokuwa la kwanza kuwa na umeme na lifti katika eneo letu lote, ilianguka wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Lilikuwa makumbusho ya taifa, fahari ya kila mtu. Nyumba haili fahari. Inakula chokaa, boriti na mshahara wa fundi, kila mwaka, bila kuruka.

Sasa nifike kwenye meza yangu. Mwaka 2022 nilivuka kwenda Unguja kwa harusi ya mjukuu wa ndugu yangu. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mtu mwenye cheo chake, aliposikia nipo mjini alinijia akasema, "Shikamoo Mwalimu, kesho usiku usile nyumbani. Nakupeleka mahali." Nilipoona ananipeleka Shangani, nikasimama kwanza nje nikaitazama nyumba. Sikumwambia kitu.

Tulikaa upande wa baharini. Kitambaa cha meza kilikuwa cheupe kama sare za Jumatatu. Kulikuwa na glasi tatu mbele yangu nami nilikusudia kunywa maji tu. Chakula kililetwa kidogo kidogo, kwa awamu: kwanza pweza laini aliyekatwa vipande vyembamba, akatiwa ndimu, kisha samaki wa kuchoma aliyemwagiwa mchuzi wa nazi, kando yake wali uliofinyangwa ukasimama kama mnara mdogo, mwisho kitu kitamu chenye iliki na karafuu. Kila sahani ilikuwa kubwa na chakula kilichowekwa katikati kilikuwa kidogo, kana kwamba kinaogopa kingo. Nitasema kweli: kilikuwa kizuri sana. Mpishi aliyejua kumtoa pweza akiwa laini vile anastahili heshima, maana pweza hana huruma na mpishi mwenye haraka.

Nikawa natafakari kwamba sahani zile zenyewe zilikuwa kitabu cha historia. Nazi na mchele vilivuka bahari kutoka Asia. Pilipili ilitoka Amerika ikaletwa na Wareno. Iliki na mdalasini vilikuja na wafanya biashara wa Bara Hindi na Seilani, na karafuu nimekwisha kueleza. Kila kilichoitwa cha kienyeji pale kiliwahi kuwa kigeni, kikapikwa na mikono ya hapa mpaka kikawa cha hapa. Mikono hiyo, katika majiko ya uani ya nyumba kubwa, ilikuwa kwa sehemu kubwa mikono ya wanawake watumwa. Wao waliiga mapishi ya mabwana zao wa Kiarabu na ya majirani wa Kihindi, wakaongeza ya kwao, wakatuachia vyakula ambavyo leo vinawekwa kwenye menyu kwa fahari.

Mhudumu wetu alikuwa kijana wa Unguja, mpole, mwenye Kiswahili kizuri. Alipojua kazi yangu aliacha kuniita "mzee" akaanza kuniita "maalim". Nikamuuliza kama anajua habari za nyumba.

"Naijua, maalim. Wageni wote tunawasimulia habari ya mayai. Wanaipenda."

"Na ile nyengine?" nikamwuliza kwa lafudhi ya kwao.

Akatabasamu kidogo. "Ile twaingoja waiulize wenyewe. Mtu yuko katika kula, maalim."

Sikumlaumu hata kidogo. Amefundishwa kwamba mgeni asiharibiwe chakula chake, na huo ni ustaarabu wa kale kabisa wa pwani. Nikamsimulia habari ya wale wavulana watano wa mwaka 1864, kwamba hapa palikuwa shule. Aliweka chini birika alilokuwa amelishika. "Skuli? Humu ndani?" Akageuka akautazama ukuta kana kwamba ubao ungalipo. Akaniuliza walikuwa na umri gani, na waliishia wapi. Nikamwambia kuhusu mmoja, yule niliyesikia habari zake kwa bibi yangu. Mwenyeji wangu, ambaye nilimfundisha historia kwa miaka minne, alikuwa ameacha kula naye akisikiliza, maana hilo sikuwahi kulisema darasani.

Hesabu ilipoletwa, mwanafunzi wangu aliifunika kwa mkono nisiione. Najua tu kwamba pensheni yangu isingeiweza. Tulipotoka tulitembea hadi Forodhani, bustani iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, ambako kila usiku watu hula mishikaki, mihogo na urojo kando ya bahari ileile, kwa mwanga wa taa na moshi wa makaa. Watoto walikuwa wakiruka ukutani kuingia majini. Pale ndipo nilipoona umbali ulivyo mfupi kati ya meza mbili, dakika chache tu kwa miguu ya mzee, na jinsi ulivyo mrefu. Katika familia zilizokuwa zikila pale Forodhani, ni ngapi zilizowahi kuingia Mambo Msiige tangu ofisi zilipohama?

Nimeyapima haya mara nyingi tangu siku ile. Siwezi kujiunga na wanaosema kwamba ni aibu kula chakula cha anasa katika nyumba yenye machozi. Kama tungezifunga nyumba zote zenye machozi, Mji Mkongwe usingebaki na mlango wazi, na paa zingetuangukia. Mgeni anayelipa chakula chake anamlipa pia fundi wa chokaa, na hilo ni jema. Tena babu yule wa bibi zangu, aliyekumbuka sahani mbili za kila siku, asingekasirika kumwona kitukuu wa ukoo wake amekaa mezani humo, anahudumiwa, anaitwa maalim. Nadhani angecheka.

Lakini siwezi pia kujiunga na wanaodhani kwamba ukuta ukishapakwa rangi, kazi imekwisha. Nyumba ina kuta za aina mbili: za mawe, ambazo mwenye fedha anaweza kuzikarabati, na za kumbukumbu, ambazo zinataka mtu wa kuzisema. Ukikarabati za kwanza ukaziacha za pili, umehifadhi ganda la yai.

Yapo mambo mawili ambayo ningependa kila mkahawa uliomo katika nyumba ya kale, hapa kwetu na kwingineko, uyafanye. La kwanza ni karatasi moja tu, iwekwe pamoja na menyu, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mgeni, ieleze nyumba ilijengwa lini, na nani, kwa kazi ya nani, na nani wote waliowahi kula humo. Mgeni mwenye kusafiri maelfu ya maili ana tumbo la kutosha kwa ukweli. La pili ni siku moja kwa mwaka ambayo milango itafunguliwa kwa watoto wa shule za jirani, wapande ngazi kwa mlango wa mbele, waguse boriti, waelezwe kwa nini vyumba ni vyembamba, kisha wapewe chakula. Si lazima kiwe cha awamu tatu. Chai na maandazi vinatosha, mradi wahudumiwe wakiwa wamekaa.

Salim bin Harith aliwaambia jirani zake wasiige, na kwa majivuno yake nakubaliana naye. Kujenga ili jirani ajione mdogo, tusiige. Kula bila kumwona aliyepika, tusiige. Kulipa fidia kwa aliyekwisha kushiba, tusiige kamwe. Ila subira ya kuikomaza chokaa kabla ya kujenga, na ile ya kumchemsha pweza hadi alainike, na ile ya walimu walioanza na watoto watano, hizo mimi nitaendelea kuwahimiza vijana waziige, hata kama nyumba yenyewe inakataza.